Timazi ya Silantoi

Siku niliyotumwa kumnyang'anya Silantoi simu ya ofisi, nilivaa viatu vyeupe. Nalitaja hili mapema ili mjue ni mtu wa aina gani aliyetumwa. Josho la ng'ombe si mahali pa viatu vyeupe, na asiyejua hilo hana haki ya kumnyang'anya mwenzake hata kijiti cha meno.

Mimi ni Bariki, mtu wa Nkoaranga. Diploma yangu ya kompyuta iko nusu, kama zile nyumba ambazo mwenyewe alihamia Dar: msingi upo, kuta zipo, paa tutaongea. Nilidisko, yaani chuo kilinirudisha nyumbani, mwaka wa pili kwa somo la hesabu, hasa ile sehemu ya pembe. Likumbukeni hilo pia, litarudi. Ila sikuja hapa kujieleza mimi. Nimekuja kumweleza mama mmoja ambaye nikimnyamazia nitakuwa mnyimi wa fadhila, na tayari nina sifa mbaya za kutosha.

Silantoi ni mtunza josho katika kijiji kimoja cha Waarusha, magharibi ya Mlima Meru, huko juu ambako ukidondosha chungwa unalifuata mpaka Ngaramtoni. Ana miaka hamsini na kidogo, gambuti za kijani, sauti nzito ya kwaya ya usharika, na macho ya mtu anayesubiri umalize kudanganya. Mwanawe wa kwanza ni Lemomo, kwa hiyo kijiji kizima kinamwita Mama Lemomo. Mume alifariki Lemomo akiwa bado anatambaa.

Josho lilipojengwa, yeye ndiye aliyekuwa akimbebea fundi maji. Kila chombo aliuliza jina lake. Siku moja akaona uzi umening'inia na kipande cha chuma mwishoni.

"Hii nini?"

"Timazi," fundi akamwambia.

"Ya kazi gani?"

"Ya kujua ukuta umesimama au unadanganya."

Jibu hilo lilimpendeza kuliko mahubiri mengi aliyowahi kusikia. Ndivyo anavyosema mwenyewe, tena mbele ya mchungaji. Akaenda nyumbani akafunga nati ya baiskeli kwenye uzi, akaanza kupima kuta za majirani. Hakualikwa. Nasikia jikoni kwa shemeji yake hawajamsamehe hadi leo.

Josho lilipokamilika, wanaume waliikataa kazi ya kulitunza kwa sababu ya harufu ya dawa. Silantoi akaichukua. Anachanganya dawa, anasukuma ng'ombe mmoja mmoja waingie, anawatukana kwa majina yao. Kuwahesabu, hapana. Kwao ng'ombe hawahesabiwi kwa sauti, ni kuita balaa. Bwana mifugo akimuuliza wangapi wameoga leo, anajibiwa, "Wote waliokuja," na maskini ya Mungu anaandika hivyohivyo. Lakini mtolee ng'ombe mmoja kati ya mia, atakwambia ni yupi, mama yake nani, na ana tabia gani. Mtamba mweupe wa mzee Lerionka, anayeitwa Naibor, yeye kamwandika kichwani kama "mwenye dharau".

Sasa ndipo tulipoingia sisi, watu wa mjini.

Ofisi yetu iko Themi, watu watano na kiti kimoja kizuri. Tulitengeneza programu ya simu: unampiga ng'ombe picha ubavuni, programu inasoma chapa iliyochomwa pajani, inakwambia ni wa nani. Ng'ombe akipotea, akipatikana, hakuna ugomvi. Brenda ndiye mkuu wetu. Mimi nilipewa sehemu moja tu, ya kuinyoosha picha kabla haijasomwa. Programu inatafuta mstari wa mgongo wa ng'ombe, inapima umeinama kiasi gani, inaizungusha picha mpaka mgongo ulale sawa, halafu ndipo chapa inasomwa. Sehemu ndogo. Brenda alinipa kwa sababu alidhani haiwezi kuharibika.

Lakini katika kijiji cha Silantoi, mwinamo wa chapa ndio jina la mtu. Babu yake Lerionka na babu yake Yiamat walikuwa ndugu wa tumbo moja, na chuma cha kuchomea kilikuwa kimoja, kipande kilichonyooka cha urefu wa kiganja. Walipogawana mifugo, mdogo hakufua chuma kipya. Alichukua kilekile, akakiinamisha kuelekea mkia. Basi. Mpaka leo chapa ya kina Lerionka imesimama wima na ya kina Yiamat imeegemea mkiani, na chuma wanaazimana. Mkono wa anayechoma ukilala kidogo, ng'ombe amehama ukoo.

Na huyo Yiamat ndiye shemeji yake Silantoi. Ndiyo, yule mwenye jiko.

Programu niliijaribu vizuri, msinione mvivu. Nilianza na ng'ombe wa mama yangu Nkoaranga. Sisi Wameru ng'ombe wetu haendi popote. Amesimama bandani juu ya sakafu ya saruji, majani yanamfuata kama mgeni wa hoteli. Kisha nikashuka Kikwe, ambako ardhi imelala kama meza. Picha zote sawasawa, hakuna kosa hata moja. Brenda akatununulia soda, nikapigiwa makofi, nikajiona.

Tukaipeleka programu kijijini kwa Silantoi, yeye akakabidhiwa simu ya ofisi awapige ng'ombe wote picha za orodha. Miezi mitatu baadaye mtamba Naibor akapotea. Akapatikana siku ya pili, ile simu ikaletwa, akapigwa picha pale alipopatikana, kwenye mteremko wa korongo, kichwa juu. Simu ikasema: wa Yiamat. Mzee Lerionka akaomba aonyeshwe orodha nzima. Ng'ombe wake kumi na mmoja (samahani, Mama Lemomo) walikuwa wamehamia kwa Yiamat. Wa Yiamat waliokwenda kwa Lerionka? Hata mmoja.

Watu wakajumlisha wenyewe. Mpiga picha za orodha ni nani? Silantoi. Aliyeneemeka ni nani? Shemeji yake. Yiamat akajitetea kwamba yeye simu haijui kabisa, kauli ambayo ilimzidishia mashaka.

Lerionka hakupiga kelele. Alifanya kitu kibaya zaidi: aliacha kunywa chai. Kila Alhamisi, siku ya kuogesha, kwa miaka yote hiyo, alikuwa akikaa kwenye jiwe karibu na jiko la Silantoi pale joshoni na kunywa vikombe viwili. Sasa akawa anakuja na chupa yake ya chai kutoka nyumbani, anasimama mbali, anamimina mwenyewe. Kijiji kizima kilikuwa kinaitazama ile chupa. Wazee wakapanga kikao Jumamosi. Ikithibitika, Silantoi anaondoka joshoni, na jina lake linaondoka kabla yake.

Kule Themi, Brenda aliangalia zile picha akasema, "Huyu mama anapiga kombo. Makusudi au uzembe, sijui. Bariki, peleka barua, rudi na simu." Nikatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu, kama mtu asiye na hatia.

Kwa hiyo Alhamisi nikafika, na viatu vyangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mtu wa Themi?"

"Wa Nkoaranga, mama. Themi nafanya kazi tu."

"Mmeru." Akaniangalia kuanzia juu, alipofika miguuni akasimama hapo. "Umekuja kubatizwa? Maji yapo, ila yana dawa."

Wachunga ng'ombe waliokuwa pale wakacheka mpaka ng'ombe wakageuka. Nikampa barua. Aliisoma yote, polepole, mpaka muhuri.

"'Picha zilizopindishwa.' Nani kaandika hili?"

"Ofisi, mama."

"Ofisi ina mikono?"

Akaingiza mkono mfukoni akatoa ile simu, na kwenye kona ya kasha lake ulikuwa umefungwa uzi, na mwisho wa uzi nati ya baiskeli.

"Hiki nini, mama?"

"Timazi. Mliniambia simu ikae sawa. Basi kila picha nasubiri uzi utulie kwenye ukingo. Nati ikicheza, sipigi. Mwenye ng'ombe anatukana, ng'ombe ananikojolea gambuti, mimi nasubiri. Halafu unaniletea karatasi kwamba napindisha."

Katika wilaya nzima, labda nchi nzima, huyu ndiye mtu pekee aliyekuwa anapiga picha za programu yetu kwa timazi. Kama simu ilikuwa imenyooka, basi kombo lilikuwa limeingilia mahali pengine, na mahali pengine hapakuwa pengi.

"Piga wewe," akasema.

Ng'ombe wa Lerionka walikuwa wanatoka majini. Josho lile limejengwa kwenye mteremko, na njia ya kutokea inapanda, ili dawa inayochuruzika irudi kwenye maji ya josho. Ng'ombe akifika pale anasimama kujikung'uta, na hapo ndipo Silantoi huwapiga picha. Naibor akapanda, akasimama, akatutazama kwa dharau kama ilivyoandikwa. Nikasubiri uzi utulie. Nikapiga. Simu ikafikiri kidogo, ikaandika: Yiamat.

"Haya," Silantoi akasema. "Sasa na wewe ni mwizi. Karibu kwenye ukoo."

Ningecheka kama mzee Lerionka asingekuwa amesimama kule mbali na chupa yake, anatuangalia.

Silantoi hakucheka pia. Aliangalia ile simu, akamwangalia Naibor, akaangalia mlima. Kisha akamshika mtamba kamba, akamvuta mpaka uwanja wa shule, ambao ndio pekee pale uliosawazishwa. "Piga." Nikapiga. Simu ikaandika: Lerionka. Akamrudisha mteremkoni, safari hii kichwa kimeangalia chini. "Piga." Simu ikaandika: haijulikani.

"Akipanda ni wa shemeji yangu," akasema taratibu. "Akisimama tambarare ni wa Lerionka. Akishuka hana mwenyewe. Wee Mmeru, hiyo programu yenu, picha ikiwa imeinama mnaifanyaje?"

"Tunainyoosha, mama."

"Kwa kuisukuma upande gani?"

Swali hilohilo mwalimu wa hesabu aliwahi kuniuliza kwa maneno marefu zaidi, na matokeo yake mnayajua.

Akachukua fimbo yake akaisimamisha mbele yangu, halafu akailaza kidogo upande wa kushoto. "Nguzo ya zizi imeegemea huku. Unaisukuma wapi?"

"Kule, mama. Kulia."

"Na wewe uliisukuma wapi?"

Nilikaa juu ya pipa tupu la dawa, nikafungua kompyuta. Sikuchukua hata dakika kumi kuliona, kwa sababu nilikuwa najua sasa ninachotafuta, na kwa sababu kosa la kijinga likishaonekana linakukodolea macho. Kile kipande cha programu kinachopima mwinamo kinahesabu pembe kinyume cha mshale wa saa. Kile kinachozungusha picha kinahesabu kwa kuufuata mshale. Katikati yao ilitakiwa niweke alama ya kutoa. Sikuiweka. Kwa hiyo ng'ombe akiinama nyuzi ishirini, badala ya kumrudisha nilimwongezea ishirini nyingine, na chapa iliyosimama wima ikalala mkiani, palepale penye chapa ya Yiamat. Na bandani kwa mama yangu? Kikwe? Mwinamo sifuri. Sifuri izungushe upande wowote uupendao, inabaki sifuri. Nilipigiwa makofi kwa sababu mama yangu ana sakafu nzuri.

Nikaweka ile alama. Kistari kimoja, kifupi kuliko ukope. Nikaipitisha tena picha ya Naibor akipanda: Lerionka. Nikapitisha zile nyingine, wakaanza kurudi kwao mmoja baada ya mwingine, nami kwa furaha nikaanza, "Wanne! Watano! Sita..."

"Usihesabu!" Silantoi akanikemea, akaufunika uso wa simu kwa kiganja.

Nikampigia Brenda. Akasema tutume ujumbe kwa kijiji kwamba mfumo umeboreshwa, na orodha mpya itatolewa. Hakuna haja ya kumtaja mtu.

Niseme ukweli, nililipenda wazo hilo. Lilikuwa kama godoro. Silantoi alikuwa anasuuza vikombe, kanipa mgongo, simu yangu ina sauti ya kupayuka.

"Barua iliyosema napindisha," akasema bila kugeuka, "ilimtaja mtu."

Akanimiminia chai.

Jumamosi nikarudi, na Brenda tukawa naye. Njiani alisema mara tatu kwamba atanifukuza, na mara moja kwamba ananishukuru, kwa hiyo sikujua nishike lipi. Kikao kilikuwa darasani, wazee wamekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamefika masikioni. Nikasimama mbele ya ubao. Nikachora mlima, nikachora ng'ombe anayefanana na kochi, nikaeleza jinsi nilivyomzungusha upande usio wake.

Yiamat ndiye aliyeanza kusema. "Kwa hiyo miezi mitatu mimi nilikuwa tajiri? Si ungeniambia, kijana! Ningeoa."

Darasa likaangua kicheko, hata mwenyekiti akajificha nyuma ya daftari lake. Lerionka hakucheka. Alisubiri watulie.

"Kijana. Kosa lilikuwa la nani?"

"Langu, mzee. Si la simu, wala si la Mama Lemomo. Yeye alipiga picha zilizonyooka kuliko mtu yeyote."

"Ulisoma?"

"Nusu, mzee."

"Inaonekana."

Mzee mmoja nyuma akasema watu wa Themi wakusanye simu zao waende, wameshatuchanganya vya kutosha. Wengine wakaanza kuguna kumuunga mkono. Nilijua hapo ndipo Silantoi angenimaliza, na alikuwa na haki. Aliinuka, akanyoosha shuka lake.

"Mwacheni. Amekuja mwenyewe, kapanda kwa miguu kutoka barabarani, na vile viatu. Atabaki apige picha upya zote, mimi nikishika uzi. Wa kupanda, wa kushuka na wa tambarare."

Brenda akasoma barua nyingine, ya kumwomba radhi, kwa jina lake lote na jina la ukoo. Silantoi akaiomba, akaikunja pamoja na ile ya kwanza, akaziweka zote mbili ndani ya kitabu chake cha nyimbo. Nilimuuliza baadaye kwa nini ameitunza na ile mbaya. Akasema zitapimana.

Namshukuru, na sijui kushukuru bila utani, mnivumilie. Namshukuru kwa kunipeleka uwanjani badala ya kunipeleka kwa wazee. Namshukuru kwa fimbo ile, maana pembe zilizokataa kuingia kichwani kwa miaka miwili ziliingia nikiwa nimekaa juu ya pipa la dawa. Nimejiandikisha upya chuoni. Nikiona swali la kuzungusha, namwona Naibor anapanda, najiuliza nimsukume wapi. Pale ofisini, kwenye kona ya kompyuta yangu, kuna uzi na nati aliyonipa, na hakuna toleo linalotoka Themi siku hizi kabla halijapanda mlima na kushuka. Brenda anaiita kanuni ya kampuni. Sawa.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa joshoni na gambuti za Lemomo, saizi mbili zaidi ya mguu wangu. Nilikuwa napiga, Silantoi anaangalia nati, ananiambia "bado... bado... haya." Ng'ombe wa Lerionka wakaja, na mzee nyuma yao. Mikono mitupu. Hana chupa.

Alisimama kidogo, akajifanya anakagua kwato za Naibor. Mama wa watu hakumsaidia. Aliendelea kuangalia uzi.

"Mama Lemomo," hatimaye akasema. "Chai ipo?"

"Ipo. Haijawahi kukosekana."

Lerionka akakaa kwenye jiwe lake, akapewa kikombe, akanywa funda la kwanza akakunja uso.

"Imezidi sukari."

"Ni ya Alhamisi zote ulizoruka," Silantoi akasema. "Kunywa."

Akanywa mpaka mwisho, akakung'uta majani chini, akanyoosha kikombe ajaziwe cha pili.